Rangi za kuta za nyumba: kutoka udongo wa Bukama mpaka ndoo ya dukani

Familia inayorudi nyumbani baada ya kukimbia vita haianzi na rangi. Inaanza na paa: manjanja mangapi yamebaki, mangapi yameng'olewa. Halafu mlango, halafu choo, halafu shamba. Lakini inafika siku moja, pengine baada ya mavuno ya kwanza, ambapo mama wa nyumba anasimama katikati ya chumba cha kupokea wageni na kuangalia ukuta. Moshi umeuchafua. Watu wasiojulikana wameandika majina yao kwa makaa. Pale kabati lilipokuwa, pamebaki alama tu. Siku hiyo ndipo swali linatoka: tupake rangi gani?

Kuna wanaosema hilo ni swali la watu wenye pesa, na kwamba aliyetoka kambini ana mambo mengine ya kufikiri. Historia ya Kongo haikubaliani nao. Kwa zaidi ya miaka mia moja, rangi ya ukuta katika nchi hii imekuwa ikionyesha ni nani mwenye kauli ndani ya nyumba: anayelala humo, ama yule aliyeijenga kwa amri yake. Na historia hiyo hiyo inaacha mafundisho ambayo yanamfaa hata leo yule anayetafuta ndoo moja ya rangi kwa chumba kimoja.

Rangi tatu za ardhi

Kabla ya rangi ya dukani, kuta zilipakwa kwa vitu vilivyopatikana karibu. Udongo mweupe ulichimbwa mabondeni na kando ya mito. Katika lugha mbalimbali za Kongo unaitwa pemba au mpemba. Udongo mwekundu na ule wa manjano unapata rangi yake kutokana na chuma kilichomo ndani yake, kile kile kinachofanya barabara nyingi za nchi kuwa nyekundu. Nyeusi ilitoka kwenye makaa yaliyosagwa, ama kwenye masizi ya chungu. Vitu hivyo vilipondwa, vikachujwa, vikachanganywa na maji, na kupakwa kwa mkono, kwa kitambaa au kwa kijiti.

Uchache wa rangi haukumaanisha umaskini wa mawazo. Kwa Waluba, weupe wa pemba uliendana na baraka, na usafi wa moyo, na ulimwengu wa mababu. Mtu hakuuchukua bila kufikiri. Kaskazini-mashariki ya nchi, katika eneo la Uele, Wamangbetu walipamba kuta za nyumba zao kwa michoro ya pembe tatu, mistari na miraba. Kijiji cha chifu Ekibondo kilijulikana sana wakati wa ukoloni kwa ajili ya nyumba hizo. Wapiga picha walikwenda huko, na picha za kuta zake zikasafiri mbali kwa njia ya kadi za posta.

Nyumba za potopoto zilikuwa pia na hekima yao ya kila siku. Sehemu ya chini ya ukuta, pale mvua inaporusha matope na watoto wanapoegemea, ilipakwa rangi iliyokolea. Sehemu ya juu iliachwa nyeupe au nyepesi ili mwanga uingie ndani. Mpango huo haukufa. Shule na hospitali nyingi za Kongo zimepakwa hivyo mpaka leo: chini rangi nzito mpaka kiunoni, juu rangi nyepesi. Na katika nyumba nyingi za mjini fundi atauliza swali hilo kabla ya kufungua ndoo: chini tunaweka nini?

Bukama, mwaka wa 1926

Habari inayojulikana zaidi kuhusu kuta zilizopakwa rangi nchini Kongo inatoka Bukama, Katanga, kando ya mto Lualaba. Reli kutoka Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ilifika hapo mwaka wa 1918. Bukama ikawa mahali ambapo gari la moshi linakutana na mashua za mto, na watu wa kila namna walipita.

Mwaka wa 1926, Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliona huko nyumba ambazo kuta zake zilikuwa na michoro. Kati ya waliokuwa wakichora alikuwapo Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry alivutiwa. Alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji, akamwomba achore juu ya karatasi kile alichokuwa akichora ukutani. Antoinette Lubaki, mke wa Albert, naye alichora. Huko Kasai, Thiry alimpata mwingine, Tshyela Ntendu, anayejulikana pia kwa jina la Djilatendo.

Karatasi hizo zilitumwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, aliyekuwa akifanya kazi katika wizara ya makoloni. Mwaka wa 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka wa 1930 zikaonyeshwa Geneva, huko Uswisi. Zaidi ya miaka themanini baadaye, mwaka wa 2015, zilionyeshwa tena Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na wengi wakaziita mwanzo wa uchoraji wa kisasa wa nchi hii.

Lakini mwanzo wenyewe haukuwa karatasi. Mwanzo ulikuwa ukuta wa nyumba. Kabla Thiry hajafika, hakuna mgeni aliyewaagiza watu wa Bukama kuchora. Walichagua wenyewe mahali pa kuweka nyeupe na mahali pa kuweka nyekundu, kwa sababu ni wao waliokuwa wakiziangalia kuta hizo kila asubuhi. Ukuta wa udongo unaoshwa na mvua na unahitaji kupakwa upya mara kwa mara. Kwa hiyo swali la rangi lilikuwa linarudi kila mara, na kila mara lilijibiwa na wenye nyumba.

Chokaa, rangi ya usafi na ya ukaguzi

Rangi nyingine ilienea baadaye: nyeupe ya chokaa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wanaijua tangu karne nyingi. Walichoma mawe ya matumbawe ya baharini, wakapata unga wa kujengea na kupakia kuta. Lugha ya Kiswahili, iliyofika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliokaa Nyangwe na Kasongo, ina neno hilo mpaka leo katika vinywa vya Wakongomani.

Kazi ya chokaa ni ya ajabu kidogo. Jiwe la chokaa linachomwa mpaka hewa iliyofungwa ndani yake inatoka. Likimwagiwa maji linachemka bila moto na kuwa uji mzito. Uji huo ukipakwa ukutani unavuta tena hewa ile ile, na polepole unarudi kuwa jiwe. Ndiyo sababu chokaa ikiwa mbichi inaonekana kama maji ya maziwa, karibu haionekani, kisha kesho yake ukuta ni mweupe kabisa. Asiyejua jambo hilo anaongeza tabaka juu ya tabaka siku hiyo hiyo, na mwishowe chokaa inapasuka na kudondoka.

Chokaa inaua pia vijidudu vingi. Kwa hiyo wakuu wa afya wa wakati wa ukoloni waliipenda. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kuweka wafanyakazi wake wa migodi pamoja na wake na watoto wao katika makambi yenye nyumba za kudumu zilizopangwa kwa mistari. Maisha ndani ya makambi hayo yalifuata kanuni za kampuni, na usafi wa nyumba ulikuwa jambo la kukaguliwa. Ukuta mweupe ulikuwa na faida kwa afya. Lakini ulikuwa pia ukuta ambao mkaguzi angeweza kuona juu yake kila doa.

Baada ya vita vya pili vya dunia, miji ilipokuwa ikijaa, serikali ya kikoloni iliunda mwaka wa 1952 ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, ikijulikana kwa kifupi OCA. Nyumba zake ziko mpaka leo katika miji mbalimbali, ikiwemo Bukavu, mtaani Bagira. Zilijengwa kwa ramani chache, moja ikifanana na nyingine. Katika mtaa ambao kila nyumba ina umbo la jirani yake, mtu hawezi kubadilisha upana wa chumba wala mahali pa dirisha bila gharama kubwa. Rangi anaweza. Mlango wa bluu, ukuta wa ndani wa kijani hafifu: hiyo ndiyo njia ya bei ndogo ya kusema nyumba hii ni ya fulani.

Bluu ndogo ndani ya nyeupe

Bluu ilikuwa na safari yake. Kwa karne nyingi, wachoraji wa Ulaya waliitoa katika jiwe lililochimbwa Afghanistan, na bei yake iliweza kulingana na ile ya dhahabu. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipata njia ya kuitengeneza kiwandani. Bei ikaanguka. Bluu ile ile ikaanza kuuzwa kwa vipande vidogo vya kung'arisha nguo nyeupe wakati wa kufua.

Kutoka kwenye beseni la kufulia mpaka ukutani haikuwa mbali. Katika nchi nyingi za dunia, watu wasio na pesa za kununua rangi walitia kipande cha bluu ya kufulia ndani ya chokaa, wakapata chumba chenye rangi ya mawingu mepesi. Chokaa ni kali na inaharibu rangi nyingi zinazotiwa ndani yake, lakini bluu hiyo inaivumilia. Udongo mwekundu na wa manjano unaivumilia pia. Mafundi wa zamani hawakuhitaji kitabu kujua hilo. Walikuwa wakijaribu kwanza ndani ya kopo.

Ugonjwa uliojificha ndani ya rangi

Rangi ya mafuta, ile inayong'aa na inayoweza kuoshwa kwa sabuni, ilionekana kuwa maendeleo makubwa. Lakini kwa muda mrefu nyeupe yake ilitengenezwa kwa madini ya risasi, metali nzito yenye jina moja na risasi za bunduki. Wapaka rangi wa Ulaya waliugua tumbo, mikono ikapooza, wengine wakafa.

Mwaka wa 1904, huko Queensland, Australia, daktari wa macho John Lockhart Gibson alitangaza kwamba watoto waliokuwa wakiletwa kwake wagonjwa walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi ya kuta za vyumba na ya vizuizi vya baraza za nyumba zao. Rangi ilikuwa inageuka unga, unga unashika vidole, na vidole vinaingia mdomoni. Mwaka wa 1921, mkutano wa kimataifa wa kazi huko Geneva ulipitisha mkataba wa kukataza rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Viwanda vilikuwa tayari na njia nyingine: nyeupe ya zinki, madini ambayo yako pia Kipushi, karibu na Lubumbashi, na baadaye nyeupe ya titani. Hata hivyo nchi nyingine zilichelewa sana. Marekani ilikataza rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka wa 1978 tu.

Jambo hilo halijaisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na mtoto aliyeathirika anaweza kushindwa shuleni bila mtu kujua sababu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanashauri kila nchi iweke sheria ili rangi isipite sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja. Rangi ya mafuta ndiyo inayoshukiwa zaidi kuliko ile ya maji, na kati ya rangi za mafuta, manjano, nyekundu na machungwa zinazong'aa sana ndizo za kwanza kuulizwa, kwa sababu rangi hizo zimekuwa zikitengenezwa mara nyingi kwa risasi.

Kwa familia inayorudi katika nyumba ya zamani, hatari iko zaidi katika kukwangua. Rangi ya zamani inayobanduka haikwanguliwi ikiwa kavu na haichomwi kwa moto. Inaloweshwa kwa maji kwanza. Watoto na mama wajawazito wanakaa mbali, vyombo na chakula vinatolewa nje, na uchafu unaokusanywa hautupwi kwenye shamba la mboga. Aliyefanya kazi anaoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ukuta kama mahali pa ukumbusho

Katika miaka ya 1970, huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ukuta wa chumba cha wageni ulipata kazi nyingine. Wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo walinunua picha zilizochorwa na wachoraji wa mtaani na kuzitundika nyumbani. Kulikuwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini. Kulikuwa na picha za wakati wa Wabelgiji, askari na wafungwa na bendera. Neno ambalo watu walitumia kueleza kazi ya picha hizo lilikuwa ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji hao, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha karibu mia moja zinazosimulia historia ya nchi.

Picha hizo hazikukaa katika jumba la makumbusho. Zilikaa juu ya kiti cha baba, mahali ambapo mgeni anaziona na kuuliza, na mazungumzo yanaanza. Rangi ya ukuta nyuma yake ilikuwa na kazi yake pia, kwa sababu picha yenye rangi kali inaonekana vizuri juu ya ukuta mtulivu. Ni jambo ambalo wengi wamelijua kwa macho yao wenyewe: ukitaka ukumbusho uzungumze, ukuta usipige kelele.

Goma na mawe meusi

Kila mji unapanga swali la rangi kwa namna yake. Goma umejengwa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Tarehe 17 januari 2002, moto wa volkano ulipita katikati ya mji mpaka ziwani na kufunika nyumba nyingi. Wakaaji walirudi wakajenga juu ya mawe yale yale, wengine kwa mbao, wengine kwa mawe yenyewe. Jiwe hilo linameza mwanga. Chumba chenye ukuta wa jiwe jeusi na dirisha dogo kinahitaji nyeupe, au manjano hafifu, au rangi ya maziwa, kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote. Nyumba ya Bukavu iliyo kwenye mteremko inapata maji kutoka nyuma ya ukuta, na huko kosa kubwa ni kufunika unyevu kwa rangi ya mafuta. Maji yanakosa njia, rangi inavimba kama malengelenge na kubanduka. Chokaa na udongo vinaruhusu ukuta kupumua.

Hapo mafundisho ya zamani yanakutana na ndoo ya leo. Anayechagua rangi anaangalia kwanza ukuta: ni wa nini, na je, ni mkavu? Anaangalia mwanga: dirisha liko upande gani, na usiku kunawashwa nini? Anawaangalia wanaoishi humo, hasa mtoto anayetambaa. Kisha tu anaangalia rangi anayoipenda. Kopo dogo linatosha kujaribu. Kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mlango wa kabati kinapakwa, kinaachwa kikauke mpaka kesho yake, halafu kinaangaliwa asubuhi, saa sita mchana, na usiku mbele ya taa. Manjano iliyopendeza dukani inaweza kuwa kijivu chini ya taa ya betri. Kijani kinachotuliza mchana kinaweza kufanya sura za watu zionekane za wagonjwa usiku.

Katika makambi, hema la turubai halipokei rangi. Ni jeupe kwa kila familia, na lina maandishi ya shirika lililolileta. Ndani yake watu wanatundika kitenge kugawanya mahali pa kulala na mahali pa kukaa, na hicho kitenge kimechaguliwa. Mtu aliyechagua kitenge cha bluu na manjano kwa ukuta wake wa turubai ameshafanya kazi ile ile iliyofanywa Bukama kabla karatasi hazijafika.

Ndiyo maana mama anayesimama mbele ya ukuta uliochafuliwa na moshi hapotezi wakati. Majina yaliyoandikwa na wapita njia yanaloweshwa na kufutwa. Matundu yanazibwa kwa udongo. Mzee anasema nyeupe, kwa sababu ya mwanga. Watoto wanasema bluu. Chokaa inakorogwa ndani ya ndoo kuukuu, macho yakiwa mbali kwa sababu inachoma, na kipande cha bluu ya kufulia kinapondwa ndani ya kikombe. Wanapaka sehemu moja ndogo karibu na dirisha. Jioni hiyo haionekani karibu chochote, na watoto wanalalamika. Mama anawaambia wangoje mpaka asubuhi.